Mkono wa Uchina na Mkono Mtupu: Historia ya Jina la Karate na ya Chama cha Karate cha Japani

Katika kazi ya kusanifu istilahi, maneno ya michezo aghalabu huhesabiwa kuwa mambo madogo. Hudhaniwa kwamba mchezo ukiingia nchini huja na jina lake, na kwamba kazi iliyobaki ni kulipa jina hilo tahajia ya Kiswahili na kulitia katika kamusi. Ndivyo ilivyokuwa kwa tenisi, kwa hoki na kwa judo. Na ndivyo ilivyokuwa kwa karate. Neno hili la mwisho halikutupa taabu yoyote. Silabi zake zote ni wazi, na Mswahili alitamkapo, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kana kwamba neno lenyewe lilizaliwa Pwani.

Hata hivyo, neno hili lina historia ambayo ingemfaa kila mfasiri, kila mwalimu na kila mtumishi wa serikali anayeshughulika na majina ya mambo. Tunaweza kutaja siku, mji na kikao ambamo maana yake iliidhinishwa kubadilishwa, ilhali matamshi yake yalibaki yale yale. Aidha, chama kikubwa kilichokuja kusimamia mchezo huo kiligawanyika hata pande mbili zikapelekana mahakamani kugombea jina lake. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha tutazame inatufundisha nini sisi tunaoandika Kiswahili.

Asili ya mchezo

Karate haikuanzia katika visiwa vikubwa vya Japani. Ilianzia Okinawa, kisiwa kikubwa katika safu ya visiwa vya Ryukyu, vilivyo baina ya Kyushu na Taiwan. Visiwa hivyo vilikuwa na ufalme wao wenyewe, uliounganishwa chini ya mfalme mmoja, Sho Hashi, mwaka 1429. Tangu mwaka 1372 watawala wa huko walikuwa wakipeleka tunu kwa wafalme wa Uchina wa nasaba ya Ming, nao kwa malipo yake wakapata ruhusa ya biashara. Merikebu zao zilikwenda na kurudi katika bandari za jimbo la Fujian, na pamoja na bidhaa zilileta maarifa, dini, maandishi, na pia mbinu za kupigana bila silaha.

Mwaka 1609 jeshi la Satsuma, kutoka kusini mwa Japani, liliuvamia ufalme huo. Mfalme aliachwa katika kiti chake, lakini akawa chini ya mabwana wawili: Satsuma iliyomtawala, na Uchina aliyoendelea kuipelekea tunu. Mwaka 1879 serikali ya Japani iliufuta ufalme wenyewe na kuvifanya visiwa hivyo kuwa jimbo la Okinawa.

Iko hadithi ipendwayo sana na wachezaji, kwamba karate ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha ili wapate kuwapiga mabwana wao kwa mikono. Hadithi hiyo ni tamu kuisikia, lakini majina ya walimu yaliyohifadhiwa hayaiungi mkono. Matsumura Sokon, aliyeishi katika karne ya 19, alikuwa mlinzi wa wafalme. Itosu Anko, aliyezaliwa mwaka 1831, alikuwa karani katika serikali ya mfalme. Hawa walikuwa watu wa tabaka la watumishi wa ufalme, waliosoma maandishi ya Kichina na waliokuwa na nafasi ya kufanya mazoezi kwa miaka mingi.

Wenyewe waliuitaje mchezo huu? Kulikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa neno fupi lenye maana ya mkono tu: *te* kwa Kijapani, *ti* kwa lugha ya Okinawa. La pili lilikuwa *tode*, yaani mkono wa Uchina. Mwalimu mmoja wa karne ya 18, Sakugawa, alifahamika kwa lakabu ya Tode Sakugawa, jambo linaloonyesha kwamba neno hilo lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Kwa mtu wa Okinawa wa zama zile kusema kwamba kitu ni cha Uchina kulikuwa kukisifu. Uchina ndiko ulikotoka usomi, na ndiko alikokwenda kujifunza mwalimu Higaonna Kanryo wa Naha, aliyekaa katika mji wa Fuzhou kabla ya kurudi kufundisha kwao.

Alama moja, matamshi mawili

Ili msomaji aelewe yaliyofuata, hapana budi tueleze kidogo juu ya maandishi ya Kijapani. Wajapani huandika kwa kutumia, pamoja na herufi nyingine, alama walizozipata Uchina. Kila alama hubeba maana, na alama moja huweza kusomwa kwa matamshi mawili au zaidi. Kinyume chake pia ni kweli: alama mbili zenye maana tofauti kabisa huweza kutamkwa sawasawa.

Neno *tode* liliandikwa kwa alama mbili. Ya kwanza ni ile ya nasaba ya Tang, ambayo Wajapani na watu wa Okinawa waliitumia kumaanisha Uchina yote. Ya pili ni alama ya mkono. Alama hiyo ya Tang huweza pia kusomwa *kara*, na hivyo neno zima likasomeka *karate*. Sasa, katika Kijapani iko alama nyingine isomwayo *kara*, na maana yake ni tupu. Alama hii ya pili humaanisha pia anga, na katika mafundisho ya Kibudha hubeba maana ya ule utupu wa mambo yote ambao mwenye hekima hutakiwa kuutambua. Mtu akisema *karate* kwa mdomo, msikilizaji hawezi kujua ni mkono wa Uchina au ni mkono mtupu. Lazima aione kalamu ya msemaji.

Mtu anayejulikana kuitumia alama ya utupu mapema ni Hanashiro Chomo, mwanafunzi wa Itosu, katika maandishi yake ya mwaka 1905. Lakini Itosu mwenyewe, alipoiandikia idara ya elimu barua yenye mafundisho 10 mwaka 1908 akishauri mchezo huo ufundishwe mashuleni, alitumia alama ya Uchina, na akaeleza wazi kwamba asili ya mafundisho hayo ni huko.

Yafaa tukumbuke hali ya shule hizo. Mtoto wa Okinawa aliyesikika akisema lugha ya kwao shuleni alivikwa shingoni kibao cha mti, akakaa nacho hata amkamate mwenziwe kwa kosa lile lile. Wasomaji wetu waliosoma Kenya zama za ukoloni hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya kibao cha namna hiyo. Karate iliingia katika shule ambazo zilikuwa na kazi ya kuwageuza watoto wa Okinawa wawe Wajapani. Na kilichoingia katika shule hizo kilitazamiwa kugeuka pia.

Safari ya Tokyo

Mwaka 1922 Wizara ya Elimu ya Japani ilifanya maonyesho ya mazoezi ya viungo mjini Tokyo. Okinawa ilimpeleka mwalimu wa shule aliyeitwa Funakoshi Gichin, mwanafunzi wa Itosu, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868. Alikwenda kwa muda mfupi, akabaki huko maisha yake yaliyosalia. Aliyemkaribisha na kumpa heshima alikuwa Kano Jigoro, mwasisi wa judo, ambaye mwaka 1882 alikuwa ameanzisha shule yake, Kodokan.

Kano alikuwa amekwisha kuonyesha njia katika jambo la majina. Mchezo wa zamani uliitwa *jujutsu*, na *jutsu* ni ufundi au mbinu. Yeye aliuita *judo*, na *do* ni njia, kwa maana ya mwenendo ambao mtu huushika ili autengeneze utu wake. Kwa badiliko hilo la neno moja, mchezo uliodharauliwa kuwa ni wa wapiganaji wa mitaani ukakubalika katika vyuo. Funakoshi alijifunza pia kwa Kano sare nyeupe, na utaratibu wa madaraja yaitwayo *dani*, ambayo aliwatunukia wanafunzi wake kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Mwaka huo huo kikundi cha karate kikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Keio.

Mwanaistilahi anaweza kuufuata mwendo wa neno hili kwa kutazama majalada ya vitabu vya Funakoshi peke yake. Kitabu chake cha mwaka 1922 kina jina la Ryukyu na alama ya Uchina. Cha mwaka 1925 bado kina alama ya Uchina, na kinauita mchezo ufundi. Cha mwaka 1935 kina alama ya utupu, na kinauita njia: *karate-do*. Katika miaka 13, Ryukyu imetoka, Uchina imetoka, na ufundi umekuwa njia.

Kikao cha Naha

Sababu zilizotolewa na Funakoshi hazikuwa dhaifu. Alisema kwamba jina la zamani liliwafanya watu wauchanganye mchezo wa Okinawa na michezo ya kupigana ya Uchina, ilhali kwa wakati huo ulikuwa umekwisha kuwa kitu cha pekee. Alisema pia kwamba mkono mtupu ni maelezo ya kweli, kwa kuwa mchezaji hashiki silaha. Na juu ya hayo akaleta maana ya Kibudha, kwamba moyo wa mchezaji nao uwe mtupu, usiwe na majivuno wala nia mbaya. Kikundi cha Keio kilikuwa kimekwisha kuichukua alama mpya mnamo mwaka 1929.

Lakini maneno hayasafiri nje ya wakati wake. Mwaka 1931 jeshi la Japani liliingia Manchuria, na mwaka 1937 vita kamili na Uchina vikaanza. Katika miaka hiyo mchezo uliobeba jina la Uchina haungeweza kupata kibali kikubwa katika vyuo na majeshi ya Japani. Mwaka 1933 karate ilikuwa imekubaliwa na Dai Nippon Butoku Kai, chama kilichoasisiwa Kyoto mwaka 1895 kusimamia michezo ya kivita ya Kijapani. Mchezo uliokwisha kuingia nyumbani ulitakiwa sasa kuvaa nguo za nyumbani.

Okinawa kwenyewe wapo waliokasirika walipopata habari za alama mpya. Ndipo tarehe 25 Oktoba, 1936, gazeti la Ryukyu Shimpo likaitisha kikao mjini Naha. Walihudhuria walimu mashuhuri, miongoni mwao Hanashiro Chomo, Kyan Chotoku, Motobu Choki na Miyagi Chojun. Wakahudhuria pia maofisa wa jimbo, wa jeshi na wa gazeti. Walizungumza, na mwisho wake alama ya mkono mtupu ikakubaliwa. Mwaka 2005 baraza la jimbo la Okinawa liliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Karate.

Tukitazama orodha ya waliohudhuria, twaona jambo ambalo sisi tunaokaa katika kamati za istilahi hatuna budi kulitafakari. Wenye ujuzi wa mchezo walikuwapo, tena waliheshimiwa. Lakini swali lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla hawajaketi. Vyuo vya Tokyo vilikwisha kuandika alama mpya, kitabu kikubwa kilikwisha kuchapwa, na upepo wa siasa ulikuwa ukivuma upande mmoja. Kikao hakikulitunga jina. Kililipa tu muhuri.

Majina mengine yaliyobadilika

Badiliko hilo halikuishia katika jina la mchezo. Karate hufundishwa kwa mifuatano maalumu ya mapigo na vizuizi, nayo huitwa *kata*. Majina mengi ya mifuatano hiyo yalikuwa ya Kichina au ya Okinawa, na Wajapani hawakuyaelewa. Funakoshi aliyabadili. Mfuatano ulioitwa *Pinan* ukawa *Heian*. Alama zake zilibaki zile zile zenye maana ya amani, isipokuwa zilisomwa sasa kwa Kijapani. *Naihanchi* ikawa *Tekki*, mpanda farasi wa chuma. *Chinto* ikawa *Gankaku*, korongo juu ya mwamba. *Wanshu* ikawa *Empi*, mbayuwayu arukaye.

Mfano wenye maana kuliko yote ni *Kusanku*. Jina hili ni la mtu, Mchina anayetajwa katika maandishi ya mwaka 1762 kuwa aliwaonyesha watu wa Okinawa mbinu zake. Funakoshi aliuita mfuatano huo *Kanku*, maana yake kuitazama anga. Na alama ya anga katika jina hilo ni ile ile ya utupu iliyomo katika karate. Jina jipya ni zuri, na linaendana na mkao wa kwanza wa mfuatano, ambapo mchezaji huinua mikono na kutazama juu. Lakini Mchina aliyekuwamo katika jina hatajwi tena. Katika shule nyingine za karate jina la *Kusanku* limehifadhiwa, na kwa hiyo mtafiti wa leo bado anaweza kuifuata njia hadi chanzoni.

Shule zenyewe nazo zilipata majina katika miaka hiyo. Zamani hazikuwa nayo. Mtu alisema tu amefundishwa na fulani. Husimuliwa kwamba mwaka 1930 mwanafunzi mmoja wa Miyagi Chojun alionyesha mchezo Tokyo, akaulizwa jina la shule yake, akakosa la kujibu. Baadaye Miyagi akachagua jina la *Goju*, yaani gumu na laini. Mabuni Kenwa alichukua alama za kwanza katika majina ya walimu wake wawili, Itosu na Higaonna, akazisoma kwa matamshi yake mengine, akapata *Shito*. Otsuka Hironori aliiita shule yake *Wado*, njia ya upatanifu. Funakoshi hakuipa shule yake jina lolote. Ni wanafunzi wake waliotundika kibao mlangoni pa ukumbi waliomjengea, wakaandika *Shotokan*: *Shoto*, yaani mawimbi ya misonobari, lilikuwa jina lake la kalamu, na *kan* ni ukumbi. Ukumbi uliungua katika mashambulizi ya mabomu ya mwaka 1945. Jina lililokuwa la nyumba likabaki kuwa la shule yote.

Chama cha Karate cha Japani

Baada ya vita, majeshi ya Marekani yalipoitawala Japani, michezo ya kivita iliondolewa mashuleni, na mwaka 1946 Butoku Kai ikavunjwa. Okinawa ilikuwa imeangamizwa katika mapigano ya mwaka 1945, na mwalimu Kyan alifariki mwaka huo huo. Kisiwa hicho kilibaki chini ya Marekani hadi mwaka 1972. Kwa hiyo kazi ya kuupanga upya mchezo ilifanywa Tokyo, mikononi mwa vijana waliofundishwa katika vyuo vikuu.

Mwezi Mei 1949 wanafunzi wa Funakoshi waliunda Nihon Karate Kyokai, yaani Chama cha Karate cha Japani. Mwalimu wao mzee alifanywa mkuu wa heshima. Obata Isao, Nakayama Masatoshi na Nishiyama Hidetaka walikuwa miongoni mwa waliokiongoza. Mwaka 1955 chama kilipata ukumbi wake katika mtaa wa Yotsuya. Kilianzisha mafunzo maalumu ya wakufunzi, ambamo kijana aliyehitimu chuo kikuu alisomea kazi ya kufundisha karate kama mwingine anavyosomea ualimu wa shule. Mwezi Aprili 1957 Wizara ya Elimu ilikitambua kuwa chama chenye haki kisheria. Mwezi huo huo, tarehe 26, Funakoshi akafariki dunia.

Funakoshi alikuwa amepinga mashindano maisha yake yote. Aliona kwamba pigo la karate si kitu cha kuhesabiwa alama. Mwezi Oktoba 1957, miezi 6 baada ya kifo chake, chama kilifanya mashindano yake ya kwanza ya Japani nzima, na Kanazawa Hirokazu akashinda upande wa mapambano. Wako wanafunzi wa marehemu waliokataa mwelekeo huo na kushikamana na kikundi kingine kiitwacho Shotokai. Hatusemi ni upande upi ulikuwa na haki. Tunasema tu kwamba mashindano ndiyo yaliyoueneza mchezo ulimwenguni. Nishiyama alihamia Los Angeles mwaka 1961. Enoeda Keinosuke alikwenda Uingereza mwaka 1965. Kase Taiji alikaa Paris tangu mwaka 1967. Kutokana na kizazi hicho cha wakufunzi na wanafunzi wao, maneno ya Kijapani ya mchezo huu yalienea hadi kufikia kumbi za Afrika Mashariki.

Nakayama, aliyekuwa mkufunzi mkuu kwa muda mrefu, alifariki mwaka 1987. Haikupita miaka mingi chama kikagawanyika, na pande zote mbili zikajiita Nihon Karate Kyokai. Kwa takriban miaka 9 mtu aliyepokea hati yenye jina hilo alilazimika kuuliza imetoka mlango upi. Shauri lilifika katika Mahakama Kuu Kabisa ya Japani, iliyotoa uamuzi mwaka 1999. Upande mmoja ulibaki na jina. Wa pili ukalazimika kujitafutia jingine. Mchezo ambao zamani haukuwa na jina la shule ukawa umefika mahali ambapo jina lina thamani ya kugombewa mbele ya majaji.

Yanayotuhusu sisi

Sasa tutazame faida ya historia hii kwa mfasiri wa Kiswahili.

Jambo la kwanza ni tofauti ya *kyokai* na *renmei*. *Kyokai* ni chama, na *renmei* ni shirikisho, yaani muungano wa vyama. Chama tulichokieleza ni *kyokai* cha mwaka 1949. Mwaka 1964 kiliundwa chombo kingine kinachounganisha shule mbalimbali za karate nchini Japani, nacho ni *renmei*. Hiki ndicho kinachohusiana na Shirikisho la Karate la Dunia, na ndicho kilichowakilisha Japani katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, ambako Kiyuna Ryo, mzaliwa wa Okinawa, alishinda medali ya dhahabu. Karate haikuwamo katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Mtumishi anayetafsiri barua au cheti akiviita vyombo hivi viwili *Chama cha Karate cha Japani* bila kutofautisha, atakuwa amempa mtu mmoja haki ya mwingine. Kiswahili kina maneno yote mawili. Kosa litakuwa la mfasiri, lugha haina lawama.

Jambo la pili ni neno *kata*. Katika Kiswahili, kata ni sehemu ya utawala, ni chombo cha kuchotea maji, ni kigunia cha nguo atiacho kichwani mbeba mzigo, na tena ni kitenzi. Tangazo la ofisi ya wilaya lisemalo *mashindano ya kata* litawaleta uwanjani vijana wa kata zote na mipira yao. Tunapendekeza neno *mfuatano*, wingi wake *mifuatano*, na neno la Kijapani liachwe litumike ndani ya kumbi za mazoezi, ambako halimpotezi mtu.

Jambo la tatu ni madaraja. Ngazi za wanafunzi, *kyu*, huhesabiwa kwa kushuka hadi ya kwanza; *dani* huhesabiwa kwa kupanda kuanzia ya kwanza. Tukiziita zote mbili daraja, *daraja la kwanza* litamaanisha watu wawili wasiolingana. Yafaa *kyu* iwe *ngazi* na *dani* iwe *daraja*. *Mkanda mweusi* umekwisha kukubaliwa na watu, nasi hatuna sababu ya kuugusa.

Neno *do* tunaonelea libaki *njia*. Wako watakaolikumbuka neno *tarika*, ambalo kwa kweli linakaribia sana maana ya Kijapani: njia ambayo mwanafunzi huifuata nyuma ya mwalimu. Lakini tarika kwetu ni jumuiya ya kidini, na ingekuwa si haki kuivisha karate kilemba kisicho chake.

Limebaki jina lenyewe. Mara kwa mara hutokea pendekezo kwamba karate iitwe kwa Kiswahili *mkono mtupu*. Ni tafsiri sahihi ya alama zilizoidhinishwa Naha, lakini si tafsiri ya maana. Mkono mtupu katika Kijapani cha Funakoshi ni mkono usio na silaha na moyo usio na majivuno. Kwa Mswahili, mkono mtupu haulambwi. Na aliyerudi mikono mitupu ni yule aliyekwenda kutafuta akakosa. Utupu wao ni sifa, wetu ni hasara. Anayetafsiri neno moja moja atakuwa ameuita mchezo wa watu kuwa ni wa wasiopata kitu.

Zaidi ya hayo, tukisema *mkono mtupu* tutakuwa tumechukua upande katika shauri la mwaka 1936, na kuufuta mkono wa Uchina kwa mara ya pili, safari hii katika lugha ambayo haikuwa na ugomvi na Uchina. Tahajia yetu ina baraka ambayo maandishi ya Kijapani hayana. Tunapoandika *karate* kwa herufi zetu, tunaandika sauti, na sauti hiyo imebeba maana zote mbili: ya Itosu na ya Funakoshi. Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba neno *karate* libaki kama lilivyo, na kazi ya kuikumbuka asili ifanywe na fasili. Kamusi ikisema tu kwamba karate ni mchezo wa kupigana wa Kijapani, itakuwa imesema nusu ya kweli. Tungependa isomeke hivi: *karate, sanaa ya kujihami na mchezo wa mapambano yasiyo na silaha, ulioanzia visiwa vya Okinawa kwa athari za Uchina, ukapata sura yake ya sasa Japani katika karne ya 20.*

Fasili hiyo ni ndefu kidogo, lakini kila neno lililomo limelipiwa. Wahenga wamesema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Watu wa Okinawa hawakuiacha asili yao kwa hiari. Walipewa alama nyingine ya kuiandikia. Sisi tunaopokea neno lao tukiwa mbali na mabishano yale hatuna udhuru wa namna hiyo, na kalamu iko mikononi mwetu.